Gia Ndogo na Magurudumu Manne

Sisi tukaao pande hizi za Nachingwea na Ruangwa twajua ya kuwa mvua zianzapo, mwezi wa Novemba au Desemba, njia za vijijini hugeuka. Palipokuwa na vumbi huwa matope, na penye udongo mweusi gari huzama hata ekseli. Ndipo abiria humpigia dereva kelele, "Tia foo-wili!" kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. Tumeona yafaa kueleza habari za jambo hili, maana huenda garini yumo mama mwenye uchungu apelekwaye hospitali.

Magari haya si mageni kwetu. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati uleule ambapo mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947, ulikuwa ukifyeka misitu ya Nachingwea. Mpango ulikomeshwa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake haipo tena. Tumebaki na barabara.

Katika Land Rover nyingi za zamani, kifundo cha manjano hukandamizwa chini ili magurudumu ya mbele nayo yapate nguvu. Mkono mwekundu huvutwa nyuma ili kuingiza gia ndogo. Katika Land Cruiser nyingi ni mkono mmoja tu, wenye alama H2, H4 na L4. Tena ziko zenye vifuniko katikati ya magurudumu ya mbele, navyo sharti vizungushwe kwa mkono. Dereva akiona uvivu kushuka kuvifunga, huvuta gia bure. Gia ndogo huingizwa gari likiwa limesimama.

Wengi hudhani kwamba foo-wili maana yake magurudumu yote manne huvuta sawasawa daima. Sivyo. Kila ekseli ina difu, nayo difu ya kawaida huacha gurudumu lililo jepesi lizunguke upesi, na mwenziwe mwenye kukanyaga pagumu akae kimya. Basi gari laweza kuzungusha gurudumu moja la mbele na moja la nyuma, lisisogee hata shubiri. Kukanyaga mafuta zaidi hapo ni kujichimbia shimo. Heri watu washuke, wachimbe mbele ya magurudumu, watie matawi na mawe. Kwa hiyo dereva mwenye akili huingiza foo-wili kabla ya tope, akapita polepole bila kubadili gia katikati.

Neno jingine, nalo ndilo tuliogopalo zaidi. Foo-wili husaidia kuvuta, haisaidii kusimama. Gari la magurudumu mawili lina breki nne sawa na hilo. Vijana wakijiona wana nguvu, hukimbia juu ya utelezi, na mteremko huwafunza. Penye mteremko mkali, gia ndogo ya kwanza huizuia gari kwa nguvu za injini yenyewe. Dereva asikanyage klachi, maana akiikanyaga amelifungua gari lijiendee.

Afikapo lami kavu aiondoe foo-wili. Katika kona magurudumu ya mbele huenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma, na katika magari tuliyoyataja, yakiwa yamefungwa pamoja, vyuma hujipinda na matairi huliwa.

Na kijito kikiwa kimejaa, mtu asikiingie, wala kwa miguu wala kwa gari. Na angoje, ingawa mgonjwa analia. Kikipungua, mmoja atangulie na fimbo apime kina. Gari liingie kwa gia ndogo, lisisimame majini. Likiisha kuvuka, dereva akanyage breki kidogo kidogo mara kadhaa hata zikauke, ndipo aongeze mwendo kwenda hospitali.