Mkasi wa Ua na Kalamu Nyekundu

Wengi wetu tunaofundisha Kiswahili tumewahi kulitumia neno "ua" kuwachangamsha wanafunzi. Twaandika ubaoni sentensi mbili, "Ua limekatwa" na "Ua umekatwa", kisha twauliza ni kitu gani kilichokatwa. Darasa likishakisia na kukosea, twaeleza kwamba la kwanza ni moja katika maua, na la pili ni ule uzio wa miti uzungukao nyumba, ambao wingi wake ni nyua. Kiambishi kimoja tu chatosha kuitenganisha bustani na mpaka wake. Hayo ni ya darasani. Leo twaomba ruhusa ya wasomaji wa jarida hili tuzungumze juu ya ua wa pili, ule wa miti, kwa kuwa ulitufundisha jambo ambalo stashahada yetu ya ualimu haikutufundisha, nasi tulichelewa kulijua.

Mtu atembeaye katika mitaa ya Arua ataona nyua za kila namna. Ipo duranta, yenye maua ya samawati na vitunda vya rangi ya chungwa ambavyo watoto hukatazwa kuvila kwa sababu vina sumu. Upo mchongoma wenye miiba mirefu, ambao wahenga walitutahadharisha kwamba kuupanda si kazi, kazi ni kushuka. Upo mnyaa, usio na majani ya kutajika, bali vijiti vya kijani vyenye utomvu mweupe unaochoma macho. Na upo msaipresi, mti ulioletwa kutoka Meksiko na nchi jirani zake, ambao majani yake ni kama magamba madogo yaliyopangwa, nao hukaa kijani masika na kiangazi. Kwenye nyumba za wageni na ofisi kubwa utawakuta watunza bustani wakiichonga miti hiyo iwe mipira, nguzo au malango. Mpita njia husimama akatazama, kwa maana binadamu hupenda kuona kitu kiotacho kimekubali umbo alilolitaka yeye.

Sanaa hiyo ni kongwe. Warumi wa kale waliijua, na Waingereza wameikuza mno kwa mti ambao wataalamu huuita Taxus baccata. Huo ni mti wa nchi za baridi, usiopukutisha majani, wenye sumu karibu kila sehemu, na uishio karne nyingi. Katika bustani ya Levens Hall, kaskazini mwa Uingereza, iliyoanza kupangwa katika miaka ya 1690, ingalipo miti ya namna hiyo iliyochongwa maumbo ya ajabu, na kila mwaka hupogolewa upya. Siri ya mti huo ni kwamba una msamaha mkubwa. Hata ukiukata ukaufikisha kwenye gogo kavu lisilo na jani, huchipua tena. Mtunza bustani aliyekosea mwaka huu aweza kulisahihisha kosa lake baada ya miaka michache.

Sisi hatuna mti huo West Nile, wala joto letu lisingeuruhusu. Tulipohamia Arua kutoka Koboko mwaka 2015 na kupata kiwanja kidogo, tulichagua msaipresi. Ni mti upendao zaidi nyanda za juu zenye ubaridi, lakini Arua iko mita zipatazo 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo huvumilia, ingawa kwa manung'uniko. Tulinunua miche 60, tukangoja mvua za Aprili zitulie, tukafunga kamba kati ya vigingi, tukapanda kila mche nusu mita kutoka kwa mwenzake. Majivu ya jikoni tuliyamwaga shinani kwa ajili ya mchwa. Wakati wa kiangazi, mbuzi wa jirani wafunguliwapo kutembea watakapo, tuliizungushia miche miiba. Miti ilipofika kimo cha kifua tuliikata vilele ili itanue matawi ya ubavuni, na kila tulipopogoa tulihakikisha kwamba ua ni mpana chini kuliko juu, mwanga upate kufika kwenye majani ya chini. Baada ya miaka minne tulikuwa na ukuta wa kijani ambao hata kuku hakupenya.

Hapo ndipo tulipoingiwa na kiburi. Mwaka 2019 tulikuwa na sherehe ya posa nyumbani, nasi tukataka wageni waingie kwa lango la umbo la kuba kama tulivyoona katika bustani za hoteli. Tulishika mkasi wenyewe. Upande wa kulia ulikuwa umefura, nasi tukaukata kwa nguvu ulingane na wa kushoto, tukapita majani mabichi, tukafika kwenye vijiti vya ndani. Kuba ilionekana nzuri siku ile ya sherehe. Miezi ikapita, mvua zikanyesha, na mahali pale pakabaki na rangi ya hudhurungi, shimo la ukubwa wa mlango katikati ya ukuta wa kijani.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kumtafuta wa kumlaumu. Tulikuwa tumesoma habari za kidukari wa msaipresi, mdudu aliyegunduliwa Malawi mwaka 1986, akafika Kenya mwaka 1990, akanyonya na kukausha nyua na misitu mingi katika Afrika ya Mashariki. Basi tukasema, kidukari ametufikia. Tulimwita mzee mmoja jirani yetu ambaye alifanya kazi ya bustani ujana wake wote. Alikuja na panga lake, akayafungua matawi kwa mkono, akatazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "hapa hapana mdudu. Hapa pamepita mkasi."

"Tulikata tu, Mzee, kama tukatavyo siku zote."

"Siku zote mlikata kijani. Safari hii mlikata mpaka pakavu. Mti huu una uhai shubiri moja tu ya nje. Ndani ni vijiti. Ukipita ile shubiri, hauoti tena, hata umwagie Mto Nile wote."

Tulimwuliza dawa yake. Akajibu kwamba dawa ni kuacha, na kuvumilia kulitazama shimo.

Usiku ule hatukulala vizuri, na sababu haikuwa ua. Maneno ya mzee yalikuwa yamefukua jambo jingine, nalo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya.

Mwaka 2014 tulikuwa tukifundisha katika shule moja ya sekondari mjini Koboko. Mwaka uliotangulia kambi ya Lobule ilikuwa imefunguliwa kuwapokea wakimbizi kutoka Kongo, na darasani kwetu aliingia mvulana mmoja aliyetokea upande wa Ituri. Katika darasa la watoto waliojua Kikakwa, Kilugbara, Kinubi na Kiarabu cha Juba, yeye peke yake ndiye aliyekisema Kiswahili pasipo kufikiri. Alikuwa akiinua mkono kabla swali halijaisha. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao: batu, batoto, banakuja. Siku moja tuliwapa insha yenye kichwa "Safari Ndefu". Aliandika kurasa tatu, na sentensi yake ya kwanza ilisema: "Tulikuwa batoto banane na mama."

Tulichukua kalamu nyekundu. Kila "ba" tuliipiga mstari, kila tahajia tuliizungushia duara, na mwisho wa ukurasa wa tatu hapakuwa na mstari usio na wekundu. Tulimpa alama 4 kati ya 20. Kisha, kwa nia ambayo siku zile tuliiita ya kufundisha, tuliwasomea wenzake makosa yake. Darasa likacheka. Hakuna mahali tulipoandika neno hata moja juu ya safari yenyewe, wala juu ya wale watoto wanane, na wangapi walifika. Kuanzia siku ile mvulana hakuinua mkono tena. Muhula uliofuata insha zake zilikuwa na mistari sita, safi, isiyo na kosa wala habari.

Twaomba msomaji atuelewe. Hatukuwa mgeni wa lugha ile. Oktoba 1980 vita viliporudi Koboko na Arua, watu wengi mno wa West Nile walivuka mpaka kukimbilia Zaire na Sudan, na wazazi wetu walikuwa miongoni mwao. Sisi tulizaliwa ukimbizini mwaka 1981, karibu na soko la Ariwara, tukarudishwa Koboko mwaka 1986 tukiwa na umri wa miaka mitano. Twakumbuka majani yaliyotuzidi kimo, na nyumba zisizo na paa zote zikifanana. Marehemu mama yetu alitembea akitazama chini, akirudi, akigeuka, kisha akasimama mbele ya safu mbili za miti mirefu ya kijani. Ilikuwa minyaa. Alikuwa ameipanda kuwa ua siku za ndoa yake, na kwa kukosa mkasi miaka sita ua ulikuwa umekuwa msitu. Aliweka mzigo chini akatuambia: "Batoto, hapa ndiyo kwetu."

Batoto. Neno lile lile tulilolipiga mstari mwekundu ndilo lililotuonyesha nyumbani.

Mama aliikata minyaa ile kwa panga karibu na ardhi, akiwa amejifunga kitambaa usoni kwa kuogopa utomvu, na mwaka uliofuata ilikuwa imechipua kote, ua tena. Twadhani hapo ndipo tulipojifunzia vibaya. Tulikua tukiamini kwamba kila kilicho kijani, ukikikata kwa nia njema, kitachipua. Wako wanafunzi walio kama mnyaa, nasi ni mmoja wao: walimu wetu walitukata mpaka shinani, nasi tukaota. Lakini wako walio kama msaipresi, ambao uhai wao uko shubiri moja ya nje, katika yale machache wanayothubutu kuyasema. Ukiyapita hayo, umefika kwenye vijiti.

Julai 2022, katika wiki ile ile ambayo Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, tulikuwa katika kituo cha mabasi cha Arua. Kijana aliyekuwa akipakia mizigo alikuwa akizungumza na mwenziwe kwa Kiswahili cha Ituri, upesi, kwa kicheko na mikono. Tulimtambua. Tulimwendea tukasema, "Hujambo, mwanangu? Habari za siku nyingi?" Alinyoosha mgongo, akafuta mikono, akatujibu kwa Kiingereza, kwa adabu kamili. Tulimwuliza tena kwa Kiswahili, akajibu tena kwa Kiingereza. Alituinulia mfuko wetu akauweka vizuri. Lugha yake haikuwa imekufa. Ilikuwa imekauka upande ule tu uliotuelekea sisi. Neno la kumwomba radhi lilikuwa kinywani mwetu basi lilipoondoka, na mpaka leo liko humo.

La hasha, hatusemi kwamba mwalimu aache kusahihisha. Ua usiopogolewa huwa msitu, tuliuona kwa macho, na pasipo upatanisho wa ngeli mtu hawezi kutofautisha ua lililokatwa na ua uliokatwa. Kamba na vigingi vina kazi yake. Tusemalo ni kwamba apogoaye hana budi kuujua mti kabla ya kuinua mkasi. Mathalani, mtoto atokaye Kongo, au Juba, au kambini, yafaa kwanza aulizwe nyumbani husema nini, na jibu lake liandikwe ubaoni kando ya lile la kitabu, yote mawili yasomeke. Nasi sasa twasoma kila insha mara ya kwanza bila kalamu mkononi. Mara ya pili twachagua makosa mawili, au matatu, yale yanayoharibu maana, na mengine twayaacha yangoje mvua nyingine. Na kabla ya alama twaandika sentensi moja ya kumjibu mwandishi kwa yale aliyotusimulia. Kazi hiyo huchukua muda, na madaftari ni mengi, twajua.

Shimo lingalipo katika ua wetu. Wageni hushauri tuling'oe tawi lile au tulifunike kwa duranta, nasi tumeliacha kama mzee alivyosema. Mwaka huu mvua zimeanza vizuri. Jumamosi iliyopita tulifunga kamba, tukanoa mkasi, tukapogoa pande zote mbili za lango, na kila tulipoona vijiti vinaanza kuchungulia, tulirudisha mkono.