Mita Sitini Kutoka Majini

Jumamosi moja, mvua za masika zilipokwisha, tulitoka akina mama saba tukapanda daladala kuelekea Mbezi Beach na Kunduchi, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam. Hatukwenda kupunga upepo. Mwenzetu mmoja alikuwa amepata kiwanja. Kwa miaka sita alikuwa akiweka akiba ya upatu na ya maandazi, na sasa dalali alikuwa amewaonyesha yeye na mumewe mahali pazuri, bahari inaonekana, tena kwa bei nafuu. Fedha zilikuwa zilipwe Jumatatu. Akatuambia, "Jamani, twendeni mkanitazamie. Moyo wangu hautulii."

Tulipopita kituo cha Africana, tulikumbushana jina hilo limetoka wapi. Hapo ufukweni palikuwa na hoteli iliyovuma zamani. Bahari ilikula ufukwe wake mpaka hoteli ikaachwa. Jina limebaki kwa makondakta.

Huko ufukweni tulimkuta bibi mmoja akikaanga samaki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmekuja kununua samaki au viwanja?"

Tulicheka, lakini yeye hakucheka. Alinyoosha upawa kuelekea kwenye maji, mahali ngalawa mbili zilipokuwa zikielea. "Pale nilikuwa naanika dagaa," alisema.

Mchanga hutoka wapi?

Wengi wetu hudhani mchanga wa pwani ni mali ya bahari. La hasha. Sehemu kubwa ya mchanga wa Kunduchi huletwa na mito midogo inayoshuka kutoka bara, kama Tegeta na Mbezi. Mto huumwaga mdomoni, kisha mawimbi huusambaza: wakati wa kusi huusukuma kaskazini, na kaskazi ikivuma hurudisha kiasi. Ni kama unga wa nyumbani. Kila siku hupikwa, na kila mara sharti uongezwe.

Basi watu walipochimba mchanga mitoni ili kufyatua matofali ya kujengea jiji, ufukwe ulikosa chakula chake. Bahari iliendelea kuchukua, na mto haukuwa na cha kuleta. Baruti za wavuvi haramu nazo zilivunja matumbawe yaliyokuwa yakipunguza nguvu za mawimbi. Tena ardhi ya sehemu nyingi za hapa ni mchanga na udongo laini, si mwamba. Bamvua likija na upepo mkali, humeguka kama mkate.

Wenye mali hujenga kuta za mawe kuingia baharini. Ukuta hunasa mchanga upande mmoja, lakini upande wa pili jirani hunyimwa. Kila anayejiokoa peke yake humsogezea mwenzake hasara. Ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachiwa kila mtu na kiwanja chake. Linahitaji sheria.

Kanga kumi na nane

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, na kutoka ukingo wa mto.

Kiwanja cha mwenzetu kilikuwa mbali na bahari, lakini nyuma yake palipita mto. Siku ile maji yalifika kwenye vifundo vya miguu tu. Hata hivyo, ukingo ulikuwa umekatika wima, mizizi ikining'inia, na mifuko ya plastiki ilikuwa imenasa kwenye matawi juu ya vichwa vyetu. Mto ulikuwa umetuachia alama zake.

Hatukuwa na futikamba. Mmoja wetu akavua kanga ya juu. Kanga ina urefu wa karibu mita moja na nusu, kwa hiyo mita 60 ni kanga 40. Tulianza ukingoni tukihesabu kwa sauti. Kanga ya kumi na nane ikagusa bikoni. Mwenzetu akakaa chini kimya.

Kurudi tulipita Jangwani, katika bonde la Msimbazi. Desemba 2011 mafuriko makubwa yalikumba bonde hili na watu wakapoteza maisha. Familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 na Januari 2016 nyumba nyingi zilizosalia zilibomolewa. Tuliwawazia akina mama waliolea watoto humo miaka mingi, huku hakuna aliyewazuia siku ya kuchimba msingi. Sheria inayofika na tingatinga huumiza. Inayofika kabla ya tofali la kwanza huokoa. Hivyo basi, tusiingoje itufuate; tuifuate sisi.

Kabla ya kulipa

Tembelea kiwanja wakati wa masika, wala si kiangazi peke yake. Waulize wazee maji yalifika wapi. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, kisha idara ya ardhi ya manispaa, uonyeshwe ramani ya mipango miji. Pima mita 60 mwenyewe. Dalali akikuharakisha, jua kuna jambo.

Mwenzetu alimweleza mumewe usiku ule. Mzee alikasirika, kiwanja cha bei hiyo kingepatikana wapi tena? Asubuhi alikwenda mwenyewe na futikamba. Alirudi saa nane, akaomba chai, akasema, "Mama, ule mto umekula njia niliyopita mwezi uliopita."

Jumatatu hawakulipa. Bado wanatafuta, sasa huko juu mbali na bahari, kusiko na upepo mwanana. Maji hufuata mkondo. Sisi tujenge kando.