Kinywa Kinawaka Moto, Wala Hakuna Kidonda

Nyumbani kwetu Kabanga, katika milima ya Kasulu, chakula cha jioni ndicho kinachoikusanya familia. Huwa ni ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na siku ya bahati, dagaa au migebuka kutoka ziwani. Ndiyo maana tulishtuka mama yetu alipoanza kusogeza sahani kando na kuinuka kabla ya wengine. Alikuwa na miaka 58. Alisema ulimi unamwaka moto, kama mtu aliyekunywa uji wa moto kwa pupa. Tukamwambia afumbue kinywa. Hatukuona kidonda, wala utando, wala uvimbe.

Sisi mabinti zake tuko watatu, na wote tumeolewa jirani. Mama alikuwa akiishi kwa kaka yetu, na aliyempikia ni wifi yetu. Basi haikupita miezi miwili, minong'ono ikaanza kisimani na sokoni: mkwe amemtilia mama kitu. Tunaona aibu kusema, lakini sisi wenyewe tulisadiki kidogo. Tukaanza kumpelekea mama chakula kutoka kwetu, kikiwa kimefunikwa vizuri. Wifi aliviona vile vyombo vikiingia kila jioni, akanyamaza.

Huku tukihangaika na tiba. Katika zahanati moja mhudumu alimulika kwa tochi, akasema, "Mama, kinywa chako ni kizima, huumwi." Mama alirudi akilia. Kuambiwa huumwi, nawe unaungua, ni maumivu mara mbili. Kwingine tulipewa dawa ya zambarau ya kupaka, kisha vidonge vya kuua vijidudu. Moto ukabaki palepale.

Mwishowe tulimpeleka hospitalini. Daktari alikuwa kijana, lakini alikuwa na subira. Kabla hajagusa tochi aliuliza, "Mama, moto huanza saa ngapi?"

"Asubuhi, mwanangu, niko salama. Huanza mchana, na jioni ndio umepamba."

"Na ukiwa unakula?"

"Nikila hupungua kidogo. Nikinyamaza tu, unarudi."

Daktari akatugeukia sisi. "Na siku alizokula chakula chenu, moto ulikoma?" Tukatazamana. Haukuwa umekoma hata siku moja. Hatukuwa tumejiuliza swali hilo.

Akatueleza kwamba upo ugonjwa wa kinywa kuwaka moto. Huwapata zaidi wanawake, hasa wakati wa kukoma hedhi na baada yake. Huunguza ncha ya ulimi, midomo na paa la kinywa. Pengine kinywa hukauka, au mtu husikia ladha ya uchungu au ya chuma. Jicho halioni kitu, kwa sababu shida iko kwenye mishipa ya fahamu inayopeleka habari za maumivu na ladha. Maumivu ni ya kweli kabisa.

Lakini jina hilo, alisema, halitolewi mara moja. Kwanza hutafutwa sababu nyingine, moja baada ya nyingine. Damu hupimwa, kwa maana upungufu wa madini ya chuma, wa foliki au wa vitamini B12 huunguza ulimi. Sukari hupimwa, na virusi vya UKIMWI pia. Fangasi wa kinywani huangaliwa. Meno ya bandia yasiyokaa vizuri huangaliwa, na hata dawa ya meno yenye ukali. Mgonjwa hutaja dawa zote anazokunywa, kwani baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama vile kaptoprili na enalaprili, huweza kuleta moto huo. Usiache dawa ya presha mwenyewe. Mwambie daktari aibadilishe.

Chakula nacho huulizwa. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikosa karanga katika mgao wao, wakabaki na mahindi. Watu zaidi ya 17,000 walipata pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini iitwayo niasini, ambao huchubua ngozi na kuunguza ulimi. Wanawake waliugua kuliko wanaume. Tiba yake ilikuwa vitamini na chakula bora.

Mama alikutwa na upungufu wa damu kidogo. Akapewa vidonge vya madini ya chuma; damu ikapanda, moto ukapungua kidogo tu. Ndipo daktari akasema sasa tutibu mishipa yenyewe. Akatutajia njia zilizopo. Ipo klonazepamu, ambayo kidonge chake humumunywa kama peremende kisha mate hutemwa. Huko Ufaransa ilijaribiwa kwa wagonjwa 48, na matokeo yakatangazwa mwaka 2004: wengi walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Lakini dawa hiyo huleta usingizi na mazoea, hivyo haitumiwi bila daktari. Ipo pia amitriptilini, kwa kipimo kidogo usiku. Hiyo hutuliza mishipa, ingawa huweza kukausha kinywa na haiwafai wenye baadhi ya magonjwa ya moyo. Wengine husaidiwa na mazungumzo na mshauri, kwa maana hofu na kukosa usingizi huchochea moto huo. Alituonya tusitarajie muujiza wa siku moja. Kwa wengine huchukua miezi, hata miaka.

Mama alipewa amitriptilini. Nyumbani tulijifunza mengine: kunywa maji baridi kidogo kidogo mchana kutwa, kuacha pilipili, ndimu, tangawizi na chai ya moto sana, kusafisha meno kwa maji yenye chumvi kidogo pale dawa ya meno inapouma. Tulijifunza pia kwamba kidonda, doa jeupe au jekundu, au uvimbe usiopona kwa wiki 2 au 3 ni jambo jingine, na hauvumiliwi nyumbani. Upelekwe hospitali upesi, kwani huenda ni saratani.

Baada ya miezi mitatu mama alikuwa akimaliza sahani yake. Moto haukwisha wote. Jioni nyingine bado humjia, lakini sasa anaujua jina, hauogopi tena.

Limebaki la wifi. Tulikwenda wote watatu, mchana, tukamkuta akichambua maharage. Tukamwomba msamaha. Hakutujibu kwa muda. Kisha akasema, "Dada zangu, mimi nilikuwa nikionja kila chungu mbele ya mama, ili anione." Hatukuwa na la kusema. Tukaketi, tukachambua naye.

Msomaji mpendwa, mama yako au mama mkwe akisema kinywa kinawaka moto, msadiki. Mwulize huanza saa ngapi, anakunywa dawa gani, anakula nini. Kisha mpeleke apimwe. Wala usitafute mkosaji jikoni. Vyombo tulivyovifunika kwa miezi ile havikumponya mama. Vilimuunguza mwenzetu.