Kutajwa Hakulipi Kodi ya Nyumba

Kila dizaina Nairobi ameshaambiwa hii kitu: "Bro, hatuna bajeti saa hii, lakini tutakutaja kwa peji yetu. Itakujenga." Kisha wanataka logo, posta tatu na kava ya Facebook, na wanazitaka kesho asubuhi.

Maoni yangu ni haya: kujitangaza ni kazi yako mwenyewe, si malipo ya kupewa na mteja. Na kama ni lazima ufanye kazi ya bure, basi iwe yako.

Wachoraji wa matatu walijua hii mambo kabla Instagram izaliwe 2010. Msee anachora mat, anaweka jina lake pembeni, na hiyo gari inazunguka tao siku nzima ikimtafutia kazi. Mwaka wa 2004 sheria za Michuki zilileta mstari wa manjano, na michoro mingi ikapotea barabarani. Lakini sanaa haikufa. Ilirudi baadaye na fujo zake zote. Sasa angalia hapa: mwenye gari alilipia rangi na akalipia mkono. Jina pembeni lilikuwa nyongeza, halikuwa mshahara.

Mwaka jana kazi zilikauka, nikaanza mradi wangu wa vibao vya mtaa. Unajua kile kibao cha kinyozi, kichwa kimechorwa kwa mkono na shingo haijulikani ilienda wapi? Kila Jumapili nilichagua kibao kimoja, nikaongea na mwenye duka, nikakichora upya kwa laptop. Simdai, hanidai. Halafu naposti picha tatu: kibao cha zamani, michoro yangu ya penseli, na kazi ikiwa imeisha. Chini yake naeleza kwa nini nilichagua ile rangi na zile herufi.

Picha ya penseli ndiyo watu walikuwa wanaongelea zaidi. Kazi iliyoisha, mtu analaiki na kupita. Lakini ukimwonyesha vile ulifikiria, mwenye biashara anajua hanunui picha tu, ananunua kichwa. Kibao cha nane ndicho kilimleta mama mmoja wa hoteli inboksi. Hakuuliza niko na wafuasi wangapi. Aliuliza bei. Nikamwambia nusu kwa M-Pesa kabla sijaanza, na akatuma.

Kuna sababu nyingine, na hii wengi hawaijui. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema mtu akikuagiza kazi, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwake, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Unabaki na haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiye mtunzi, lakini kuitumia hiyo kazi ni yeye anaamua. Kazi uliyojituma mwenyewe ni yako yote. Ndiyo maana siku hizi kabla sijaanza kazi ya mteja, makubaliano yetu yanaandikwa na kuna sentensi moja hapo: nitaionyesha kwa potifolio yangu. Hakuna mtu amewahi kukataa.

Najua kuna wenye watasema kujiposti kila wiki ni kujigamba. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, kizuri hakiwezi kujiuza kama kimelala kwa folda inaitwa "final final 3". Enda soko yoyote uone. Hata mwenye maembe matamu huyapanga mbele, na moja analikata ili uone ndani. Huyo hajigambi. Anakusaidia kuamua.

Kwa hivyo usingoje mteja mkubwa ndio uanze. Chagua kitu kimoja cha mtaa wako chenye unakijua kuliko dizaina wa mbali: menyu ya kibanda, ratiba ya mechi za mtaani, bango la chama cha kina mama. Kifanye vizuri, weka jina lako, eleza ulivyofikiria, kisha rudia wiki ijayo.

Na yule wa "tutakutaja" akirudi, mwambie asante sana. Halafu mtumie bei.