Shukrani Isiyonistahili

Nilijifunza chigongi nilipokuwa mwanafunzi Beijing. Ni zoezi la Kichina la kuunganisha pumzi, mkao wa mwili na utulivu wa fikra. Wafuasi wake huamini kwamba chi, yaani nguvu ya uhai, inaweza pia kuelekezwa kwa mgonjwa kupitia viganja vya mtu mwingine. Mwalimu wangu, mzee wa maneno machache, alinisimamisha wima kwa miezi mitatu kabla ya kuniruhusu kumgusa mtu. Kila nilipomuuliza nitaanza lini kutibu, alinijibu kwamba bado ninapenda kutazamwa.

Sikumwelewa hadi niliporudi Kyela likizo. Shangazi alikuwa ametoka kuvuna mpunga, bega limemkaza. Niliweka viganja begani, nikapumua naye taratibu, akapitiwa na usingizi. Alipoamka alisema, "Mwanangu, umeleta dawa isiyo na chupa." Sikumpinga. Kama ni chi iliyomtuliza, siwezi kuthibitisha. Ila najua kwamba mtu akisikilizwa na kushikwa kwa upole, maumivu hupungua.

Habari zilienea hadi Ipinda na Matema, ua wetu ukajaa mabenchi. Ndipo alipokuja mama mmoja, mgongoni amebeba mtoto mwenye homa kali. Aliyekulia kando ya Ziwa Nyasa anajua kwamba homa ya mtoto ni ya kupimwa malaria kwanza. Nami nilijua. Lakini watu walikuwa wakinitazama. Nikaweka mikono. Baada ya dakika ishirini mtoto akashikwa na degedege, tukamkimbiza kituo cha afya kwa bodaboda. Alipona kwa sindano na dripu, mikononi mwa wauguzi ambao hakuna aliyewauliza majina. Siku aliporuhusiwa, mama yake alikuja kunipigia magoti: "Ndaga fijo, mwalimu."

Shukrani ile ilinitesa kuliko lawama. Nilikuwa nimemcheleweshea mwanawe matibabu, naye ananishukuru.

Mwaka 2011 maelfu walifurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Viongozi nao walikwenda, na wapo wagonjwa walioacha dozi zao. Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, yenye baraza la kusajili waganga. Ni sheria ya lazima, lakini haiwezi kumzuia mtu kupokea sifa za kazi ya mwingine. Maradhi hayo tunayaona pia majukwaani: barabara imejengwa kwa kodi ya mkulima wa kakao, kisha mkulima huyohuyo anaamriwa kumpigia makofi aliyekata utepe.

Bado ninaweka mikono, hasa kwa wazee wenye maungo yaliyochoka. Sipokei kuku wala mchele. Kabla ya yote nauliza: umepimwa? Asiyepimwa namsindikiza kituoni, na tukifika namtajia jina la muuguzi, ili ajue wa kumshukuru.