Ukurasa Mgeni na Wadhamini Wake

Mwalimu wa shule ya msingi wa leo hana budi kufahamu jambo moja ambalo vitabu vingi vya mbinu za kufundishia havikulitaja, nalo ni namna mitambo ya kutafutia habari katika intaneti inavyoukadiria umuhimu wa ukurasa uliozaliwa jana. Twalisema hili kwa sababu, tunapokagua mazoezi ya kufundisha, twaona maandalio mengi ya somo yakitegemea ukurasa wa kwanza ulioletwa na mtambo, kana kwamba kutangulia ni ushahidi wa kusema kweli.

Hapa Sokon I, katika jiji la Arusha, fundi mwashi mgeni akihamia mtaani hakabidhiwi nyumba ya kujenga siku hiyo hiyo. Watu huuliza kwanza: amewahi kumjengea nani, na ni nani anayemsifia? Sifa itokayo kwa mtu anayeheshimika huwa na uzito kuliko ya mpita njia. Na anayesifia mafundi wachache huaminiwa kuliko yule anayemsifia kila mwenye mwiko na timazi. Mwaka 1998, Sergey Brin na Larry Page, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, walieleza mbinu iitwayo PageRank, ambayo mantiki yake ni hiyo hiyo. Ukurasa mmoja ukiwa na kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye ukurasa mwingine, kiungo hicho huhesabiwa kuwa ni udhamini. Uzito wake ni umuhimu wa mdhamini mwenyewe, uliogawanywa kwa idadi ya anaowadhamini. Mwaka huo huo wakaanzisha kampuni ya Google.

Jambo hili laweza kufundishwa kwa maharage 30 tu. Waiteni mbele wanafunzi watatu. Asha apewe punje 12, Baraka 6 na Chausiku 12. Asha humtaja Baraka na Chausiku. Baraka humtaja Chausiku. Naye Chausiku humtaja Asha. Kila mmoja agawe punje zake zote sawasawa kwa wale anaowataja, na wote wagawe kwa wakati mmoja. Wakihesabu, kila mmoja atakuta anazo zile zile alizoanza nazo: mizani imetulia. Sasa mleteni Daudi, mgeni asiyetajwa na yeyote. Hata mchezo ukirudiwa mara mia, Daudi hapati hata punje moja. Asha akimwongeza katika orodha yake, atagawa 12 kwa watu watatu, na Daudi atapata 4. Lakini akiwa ni Chausiku aliyemwongeza badala ya Asha, Daudi atapata 6, kwani Chausiku, mwenye mali sawa na Asha, hutaja watu wawili tu.

Wabunifu wa mbinu hii hawakumwacha mgeni bila chochote. Walimfikiria msomaji ambaye mara kwa mara huchoka kufuata viungo, akarukia ukurasa wowote kwa kubahatisha. Kwa kawaida walikadiria kwamba sehemu 85 katika 100 za umuhimu hupita katika viungo, na sehemu 15 hugawiwa kurasa zote sawasawa. Darasani, mwalimu aweza kutenga punje chache kila mzunguko na kumgawia kila mtu, Daudi akiwamo.

Mitambo ya leo huongeza vipimo vingi juu ya hicho. Kwanza sharti ukurasa ugunduliwe, ama kwa mtambo kufuata kiungo kutoka ukurasa inaoufahamu, ama kwa mwenyewe kupeleka orodha ya kurasa zake. Kisha maneno na kichwa chake huchunguzwa, ili ijulikane unajibu swali gani. Upya nao huhesabiwa panapostahili: mwaka 2011 Google ilitangaza mabadiliko ya kuyapa uzito maandishi mapya katika mambo ya karibuni. Udanganyifu nao hupigwa vita: mwaka 2012 ilitoa mabadiliko ya kuzishusha kurasa zilizojitafutia viungo kwa hila.

Mmoja wa wanachuo wetu aliandika kwa Kiswahili safi somo kuhusu mifereji ya asili iteremshayo maji ya Mlima Meru hadi mashambani, akaliweka katika intaneti. Wiki kadhaa zikapita. Aliyetafuta habari za Meru aliletewa mji wa Meru wa Kenya, au mlima wa visa vya kale vya India, wala si mifereji inayopita karibu na shule yetu ya mazoezi. Mwanachuo akadhani kazi yake ni duni. Sisi tulimwonyesha mchezo wa maharage, naye akatambua kwamba kazi yake haikuwa na mdhamini. Akawaomba walimu wenye kurasa zao, waliokwisha kuitumia kazi hiyo darasani, waitaje waziwazi.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili kwetu. Walimu tusipoandika, na tukiandika tusipotajana kwa haki, watoto wa miteremko ya Meru watajifunza habari za mlima wao kutoka kwa watu wasiowahi kuuona. Hatusemi mtajane kwa upendeleo, kwani huko ni kughushi hati ya udhamini. Mtajeni mwenzenu mliyemsoma, mkamhakiki, mkaridhika.

Yafaa pia ieleweke kwamba umuhimu si ukweli. Mtambo huhesabu wadhamini. Hauendi mferejini kutazama maji yanakotoka. Ukurasa wenye wadhamini elfu waweza kukosea, na ule usio na hata mmoja waweza kuwa sahihi neno kwa neno. Kwa hiyo wafundisheni wanafunzi kuuliza maswali manne kabla ya kunakili: Nani ameandika? Lini? Nani wanamtaja, na kwa sababu gani? Je, sisi wenyewe twaweza kuthibitisha? Swali la nne ndilo kubwa, na jibu lake aghalabu haliko mbali: mzee wa mtaani anayejua zamu za maji, au mfereji wenyewe, ambao darasa zima laweza kuufikia kwa miguu na kurudi kabla ya kengele ya mchana.