Nimekukumbuka

Wareno walituachia meza, leso na bendera. Neno wanalolienzi kuliko mengi, saudade, halikuvuka bahari. Nililikuta chuoni, kwa mshairi Teixeira de Pascoaes, mwaka uleule aliofariki mama. Nilimsoma kama mtu anayetafuta dawa.

Pascoaes alizaliwa mwaka 1877 huko Amarante, kaskazini mwa Ureno. Alisomea sheria Coimbra, akaifanyia kazi kwa miaka kadhaa, kisha akaiacha na kurudi kwenye nyumba ya ukoo wao huko Gatão, karibu na milima ya Marão. Alifariki mwaka 1952. Katika mashairi yake milima, vivuli na wafu wana roho, na mpaka kati ya walio hai na waliotangulia ni mwepesi kama ukungu.

Kwake saudade haikuwa huzuni tu. Ilikuwa kumbukumbu na hamu kwa pamoja: moja inatazama nyuma, nyingine mbele. Kuanzia mwaka 1912, kupitia jarida la A Águia la mjini Porto, alitaka iwe kama dini ya taifa, akishikilia kwamba lugha nyingine hazina neno hilo. António Sérgio alimpinga humohumo jaridani. Ureno ilikuwa imemwondoa mfalme mwaka 1910. Kwa Sérgio, nchi ilihitaji elimu na kazi, si kuabudu hamu.

Kichwa changu kiko upande wa Sérgio. Hamu ikishageuzwa bendera, yeyote anaweza kuipeperusha. Isitoshe, hata sisi neno tunalo. Ukimwambia mtu "nimekukumbuka", humpi taarifa kwamba hujamsahau. Unamwambia njoo. Kumbukumbu na hamu zimo katika kitenzi kimoja.

Ila mama haji. Hapo ndipo Pascoaes ananishika, maana kwake hamu isiyo na pa kufikia haikai bure: inaumba. Waliotutoka wanaendelea kupata sura kwa wanaowakumbuka.

Siku hizi naandika mambo madogo ya mama: alivyofunga leso kichwani, alivyokoroga uji huku akijisemesha, alivyogombana na redio. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitatu alipofariki. Hana anachokumbuka, lakini kila akiona picha yake huuliza. Hamu anayo tayari. Kumbukumbu namwandikia mimi.